Saa Kumi Amekaa Barazani Kwetu

Siku ya Mungu, 1 oktoba 2023

Emerance, una miguu ao hauna? Mwaka wa ine huu unasema "Mama, nitakuja Noeli," na Noeli inakuja peke yake. Kwenye telefone unanionyesha uso, naona pua, naona meno, halafu reso inakatika na mimi nabaki naongea na kioo. Lubumbashi haiko mwezini. Wanawake wanatoka kule na mabeseni yao, treni inawalaza njiani, wanafika Kindu wamechafuka kama nguruwe, lakini wanafika.

Basi nimeamua kuandika. Shule sikukanyaga, unajua, baba yangu alisema mupunga hausomi. Herufi nilizipata nikiwa na mvi, kwa masista, sisi wamama wazee kwenye benchi za watoto, magoti yanagonga meza. Usicheke mwandiko. Siku utakayokuja utasoma, utajua mutoto wako alikuwa anakulaje na anawaza nini. Christelle iko muzima. Amenipita urefu. Mvula imeanza.

Siku ya posho, jumamosi, 7 oktoba

Wamekuja tena marafiki zake: Idrissa, kijana wa yule muuza mafuta ya mawese, Okito mwenye miguu ya korongo, na Naomie anayecheka kabla hajasikia. Wanakaa barazani, mbele ya nyumba, na mchezo wao. Nilidhani karata. Si karata. Idrissa aliuleta toka Goma, alikosomea mwaka jana.

Mchezo wenyewe ni hadithi. Idrissa anasimulia, na kila mumoja anakuwa muntu ndani ya hadithi ile. Okito ni muwindaji, Naomie ni muganga. Idrissa anasema: "Mumefika kwenye kivuko, mvula inanyesha, munafanya nini?" Wanajibu wanachofanya. Halafu wanatupa dadu yenye nyuso nyingi. Namba ikitoka kubwa wamefaulu, ikitoka ndogo wameumia.

Nikauliza: nani anashinda?

"Hakuna, Koko," Idrissa akasema, naye ananiita bibi kama Christelle. "Tunaendelea tu."

Kama maisha, lakini wamekaa.

"Na wewe Christelle, uko nani?"

"Mimi niko mubaya wao." Alisema vile mutoto anavyosema amekuwa wa kwanza darasani. "Mubaya kabisa, Koko. Nashika kivuko. Hakuna anayepita bila mimi kupenda."

Nilicheka. Niliwapa muhogo na karanga, wakala yote, hata maganda sikuona.

9 oktoba

Mvula. Bati la jikoni linavuja palepale.

Siku ya posho, 14 oktoba

Nilikuwa nyuma, natwanga sombe, majani ya muhogo. Nikasikia barazani sauti ya Christelle, lakini nzito, ya kutoka tumboni: "Mimi njo Saa Kumi, mimi mwenyewe! Nimerudi! Leteni mutoto wenu, ao niingie kumuchukua!" Na wengine wanapiga kelele za kuogopa, na Naomie anacheka.

Muchi ulinitoka mukononi. Nilifika barazani na majani ya sombe kwenye vidole.

"Nani alikupa jina hilo?"

Akaniangalia kwa mushangao. "Ninyi mwenyewe, Koko."

Na ni kweli. Wewe, Emerance, wakati ule wa vita tulikupeleka Lubutu kwa shangazi yako, hukumuona mwenye jina hilo. Yeye alikuwa mukubwa wa askari waliokaa hapa Alunguli. Jina lake la nyumbani hatukulijua. Tulimuita Saa Kumi sababu alipita wakati huo, moshi wa jikoni unapoanza kupanda, wakati muntu hawezi kusema sina kitu. Hakupiga kelele. Alikuwa anaomba kiti. Anakaa, anasalimia, anauliza watoto majina yao, anaonja muchuzi. Halafu anaonyesha kwa kidole: yule. Yule aliyeonyeshwa anabeba mizigo yao mpaka machimbo ya Pangi, na njia ya Pangi haikurudisha wengi.

Wanasema alikufa na homa porini. Wengine wanasema hakufa. Hapa mutaani muntu hatamuki jina lake, sawa vile hautaji nyoka ukiwa kwenye majani. Ila mimi ndani ya nyumba yangu nililitamka, kwa kumucheka. Mutoto akivuta kichwa cha samaki, nasema: angalia Saa Kumi huyu! Christelle amekomaa na hilo. Kwake yeye ni jina la mulafi. Alitafuta jina la mubaya wake, akachukua lililokuwa karibu, jikoni.

Nikamuambia. Si yote. Halafu, unajua aliuliza nini?

"Koko, alikuwa anaongeaje?"

Nilimuambia aende kuchota maji.

Siku ya Mungu, 15 oktoba

Mama Nathalie, jirani wa nyuma ya ukuta wa mianzi, hakuitika salamu yangu. Labda hakusikia.

17 oktoba

Alisikia. Leo pia hakuitika. Nikakumbuka: lupango yetu na yao, uwanja kwa uwanja, ni mianzi tu katikati, na sauti ya Christelle ilipita.

Siku ya posho, 21 oktoba

Nilimuita Christelle peke yake. Nikasema: acha huyo mubaya, kuwa muganga kama Naomie.

"Koko, musikasirike. Sitaki."

"Sababu?"

Alikuwa anachambua mupunga. Hakuinua kichwa. "Njia ya shule iko na wale wanaume wa kizuizi. Wanaita. Nikijibu ni vibaya, nikinyamaza ni vibaya. Kila asubuhi naanza kuogopa nikiwa bado navaa viatu. Lakini pale barazani, posho moja tu, wao njo wananiogopa mimi. Hata Okito."

Emerance, niliangalia mikono ya mutoto wako ndani ya mupunga nikawaza: je, njo hivi wabaya wanaanza? Yule wa zamani alikuwa pia na bibi yake, aliyemupikia uji?

Nikasema basi, cheza. Lakini chezeeni ndani, fungeni mulango, na museme polepole.

28 oktoba

Wamecheza chumbani, mulango umefungwa, wananong'ona. Mvula kwenye bati. Nilienda nyuma kuanua nguo nikaona kivuli kwenye mianzi. Mama Nathalie amesimama upande wake, kitambaa cha maombi kichwani, analowa, anasikiliza.

Nilisema "Mvula hiyo, Mama Nathalie." Kivuli kikaondoka.

Nilikuwa mupumbavu. Watoto wakipiga kelele, ni mchezo. Wakinong'ona nyuma ya mulango na jina la maiti, kila muntu wa Alunguli anajua hilo linaitwaje.

1 novemba

Watakatifu Wote. Misa ndefu. Mvula.

2 novemba

Mike, mujukuu wa Mama Nathalie, yule anayekimbia uchi na kunipigia saluti, ana homa. Nimesikia akilia toka asubuhi. Nimepeleka machungwa. Kwa mulango wamesema: rudi nayo.

Siku ya posho, 4 novemba

Naandika yote, usichoke.

Asubuhi, maji ya uji bado hayajachemka, mulango wa lupango umepigwa kwa mguu. Pasteri Donatien, na mwavuli. Nyuma yake wanawake wa chumba cha maombi na vitambaa vyao vyeupe. Na Mama Nathalie, bila kitambaa, nywele wazi, kama muntu wa kilio.

"Mama, tumekuja kwa amani," Donatien akasema.

"Amani haipigi mulango kwa mguu."

"Tunaomba musichana. Ana roho ya muntu ndani yake. Tunajua ni roho ya nani."

"Nilimusikia kwa masikio yangu!" Nathalie akapaza sauti. "Alisema niko Saa Kumi, leteni mutoto wenu! Halafu wakajifungia kumuita kwa kunong'ona, na Mike wangu akaanza kuwaka. Wewe unajua jina lile! Wewe ulikuwa hapa!"

Alisema wewe. Miaka yote aliniita ninyi.

Christelle alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake kwenye shingo. Watu wanaanza kusimama njiani. Unajua wanachofanya kwenye chumba kile, wanaita deliveranse: wanamufungia mutoto bila chakula mpaka akubali ni mulozi, muchawi. Akikubali, ndugu wanamufukuza. Akikataa, hafunguliwi. Binti wa muuza chumvi alitoka pale kama mukeka uliokunjwa, mpaka leo anaogopa kijiko.

Nikauliza kitu kimoja:

"Mike iko wapi?"

Donatien akahamisha mwavuli mukono wa pili.

"Nauliza. Mutoto mugonjwa iko wapi?"

"Kwenye maombi," mumoja akasema.

"Amekunywa dawa gani?"

"Tunaomba kwanza…"

"Sikilizeni vizuri," nikasema. "Musichana huyu hapa, na miguu yake hii. Hatakimbia. Na kumutoa mutanikanyaga mimi, na mimi ni munene. Lakini mutoto anakufa wakati mumesimama kwenye matope yangu."

Nikamuambia Christelle afunge mulango wa nyumba kwa ndani, nikawapita. Nilikuwa na ndala moja, nyingine imebaki kwenye matope. Nilimukuta Mike kwenye chumba cha maombi, chini kwenye mukeka, macho yamegeuka, mutoto wa miaka tatu anayewaka kama jiwe la jiko. Nilimufunga mugongoni na kitenge changu. Nathalie alikimbia nyuma yangu. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga, alishika mwavuli wa pasteri juu ya kichwa cha mutoto mpaka kituo cha afya.

Malaria. Muuguzi alivuta kope la Mike, ndani ni jeupe kama karatasi. Wamemuwekea serumu, maji ya mushipani, wametafuta damu, mujomba wake ametoa.

Wakati wa kutoka, Donatien alikuwa amefika, amelowa. "Mutoto akipona ao asipone," akasema, "posho ijayo tunamuchukua musichana. Ukimuficha, kuficha kwenyewe ni jibu."

5 novemba

Mike anapumua. Mvula.

6 novemba

Nimeenda kwa mukubwa wa kartiye, mutaa wetu, Roger. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akanipa na maji. Halafu akasema: "Mama, mambo ya roho mimi sina muhuri wake."

Nikamuambia ana muhuri wa nini basi. Akasema wa vyeti vya kuzaliwa.

7 novemba

Mike anapumua. Christelle haendi shule. Anataka kutupa dadu mutoni. Nimemukatalia. Atakayemuona atasema ametupa hirizi.

Anasema: "Koko, labda ni kweli? Labda nilimuita, akaja?"

Nilimushika uso kwa mikono miwili, na nguvu, mpaka midomo ikajikunja. Nikasema: aliyemuletea mutoto homa ni mbu. Lakini usiku sikulala, na sikuzima taa.

8 novemba

Nilitaka kumupeleka Christelle Lubutu, kama wewe zamani. Kitenge nilikikunja. Nikakikunjua, sababu kuficha ni jibu.

9 novemba

Mike amekunywa uji! Ameomba sukari! Nimesikia kutoka kwa muuguzi, nikakaa chini palepale kwenye njia, watu wakadhani nimeanguka.

10 novemba

Furaha yangu ilikuwa ya kijinga. Wanasema kwenye bomba la maji: mumeona? Mulozi ameogopa, amemuachia mutoto.

Akifa ni sisi. Akipona ni sisi. Sasa muntu ajitetee wapi?

Kesho ni posho.

Siku ya posho, 11 novemba

Asubuhi nilichukua kisu nikakata kamba za ukuta wa mianzi. Zote. Nikalaza ukuta chini. Lupango yetu na ya Mama Nathalie ikawa moja, kuku wakaingiliana. Alitoka na ufagio, akasimama tu.

Nikabeba meza barazani, nikaitoa nje, katikati. Nikamutuma Okito alete wenzake. Walikuja, Idrissa midomo imekauka. Nikamuambia Christelle: leo wewe haupo kwenye hadithi. Kaa pale, watu wakuone, ukule karanga.

"Na mubaya, Koko?"

"Mubaya ni mimi."

Donatien alifika na watu wake, na wengi zaidi wa njiani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Nikamuambia: Pasteri, mumesema kuna kitu tunafanya ndani. Leo kiko nje. Angalieni, halafu mufanye mutakacho.

"Idrissa, anza."

Akaanza, sauti inakatika. "Ni… ni kijiji karibu na muto. Ni saa ya kupika. Mukubwa wa askari amekuja. Amekaa."

Mimi nikageukia upande wa Mama Nathalie. Sikupaza sauti. Christelle alikuwa anakosea, mubaya wake alipiga kelele. Nilisema polepole, vile alivyosema yeye, na adabu yake yote:

"Mama, mulilalaje? Moshi wenu unanukia vizuri. Huyu kijana wenu mukubwa, anaitwa nani?"

Emerance, mudomo ni wangu, lakini sauti nilivyoisikia nikaogopa haitanitoka tena. Watu wazima walirudi nyuma. Muzee mumoja alivua kofia, mukono tu ulifanya hivyo, kabla ya akili. Ufagio wa Nathalie ulianguka.

Nathalie alikuwa na mutoto wake wa kwanza, Édouard. Wewe ulicheza naye. Siku ile Saa Kumi alimuonyesha kwa kidole, akamuambia mama yake: mufungie chakula, njia ni ndefu. Na Nathalie alimufungia. Mupunga na samaki, ndani ya majani, alikaza kamba vizuri chakula kisimwagike. Nilimuona akikaza. Hakuna aliyerudi kumuambia kama kililiwa.

"Mama," nikasema kwenye sauti ile, "mufungie chakula. Njia ni ndefu."

Idrissa akanong'ona: "Mama Nathalie… munafanya nini?"

Mvula ilikuwa imesimama.

Alikuja mpaka kwenye meza. Uso wake karibu na wangu. Akasema: "Simufungii."

"Mama, naomba kwa uzuri."

"Simufungii chakula! Hana safari! Édouard hana safari, unasikia? Inuka kwenye kiti changu! Toka kwangu! Toka!"

Idrissa, mutoto wa watu, alisogeza dadu kwa kidole. Ndiyo sheria yao. Nathalie akaishika bila kuiangalia, akaitupa kama vile unavyopiga muntu jiwe. Ikazunguka, ikalala.

Mbili.

Naomie aliziba mudomo. Idrissa akaniangalia, sababu mbili ni kuanguka.

"Mbili ya nani?" Nathalie akasema. "Kijiwe chenu hicho kinanihusu nini? Nimesema hana safari."

Nikasimama. Niliacha kiti, nikatoka kinyumenyume mpaka nje ya lupango, njiani, kwenye matope, nikabaki pale. Njo huko nililia, si mbele yao.

Niliporudi, Nathalie alikuwa amekaa kwenye kile kiti, magoti wazi, mikono inaning'inia. Donatien akasema kwa taratibu: "Mama, na musichana? Tumuchukue?"

Alimuangalia Christelle. Karanga ilikuwa imebaki mukononi mwa mutoto.

"Mwaka ule huyu alikuwa hajazaliwa," akasema. "Saa Kumi atamujulia wapi? Mumuache. Na wewe Pasteri, Mike wangu alikaa siku ngapi kwenye mukeka wako?"

Donatien akafungua mwavuli bila mvula, akaenda.

12 novemba

Nimelala. Kiuno kinauma. Mvula.

15 novemba

Muntu ameandika kwa makaa kwenye ukuta wetu: MULOZI. Nimeisoma mwenyewe, faida ya masista. Nimefuta kwa majivu na maji. Christelle amerudi shule, nimemusindikiza mpaka kizuizini na nimewaambia wale wanaume kitu ambacho siandiki hapa.

18 novemba

Wamecheza. Nje. Walinibembeleza niwe Saa Kumi, wanasema hakuna anayeweza kama mimi. Nimekataa kabisa, sababu siku mbili baada ya posho ile nilikuwa nikijisikiliza nikisalimia watu, kama sauti ni yangu. Christelle pia amekataa. Mubaya sasa ni Okito, naye anaomba samahani kila akiiba.

Siku ya posho, 2 desemba

Ukuta wa mianzi tulitaka kuusimamisha, lakini mchwa wameshakula chini. Basi umebaki umelala. Mike anaingia huku bila kubisha, anakuta sufuria, anafunua. Mama Nathalie anakuja kila posho na kigoda chake. Hasemi sana. Kila Idrissa anapofikisha hadithi kwenye kivuko, anakatiza: "Na mama wa pale anasema hapana." Idrissa anaandika hapana, wanaendelea. Dadu hampi tena.

Wengine mutaani bado wanahamia upande wa pili Christelle akipita. Mulango naufunga kwa kamba mbili. Sijui kama imekwisha. Mimi nasikiliza tu.

Sasa wewe. Ukija, ukishuka na mizigo yako, kwangu usianzie. Utapita kwanza kwa Mama Nathalie. Utapiga magoti kumusalimia, na chochote atakachokupa utakula mpaka mwisho, hata kama una usingizi wa treni. Halafu utamuuliza Édouard alikuwa mutoto wa namna gani. Wewe ulimujua, utamusaidia kukumbuka. Umuache aseme, usiangalie telefone. Mimi nitakuwa nakuona kutoka hapa, hakuna ukuta. Akimaliza yeye, njo uje kwangu.